Bakteria wa chupani ni mifugo, si dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wengi, lakini ni la kufa na kupona kwa viumbe wa baharini wanaofugwa huku kwetu milimani. Majuma mawili yaliyopita gazeti lako lilichapisha makala yenye picha ya kupendeza ya tangi la matumbawe lililowekwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa nyumba moja ya wageni, na mwandishi akaeleza kwamba mwenye tangi hilo habadilishi maji wala hasafishi mchanga, bali humimina chupa moja ya bakteria kila mwezi, na bakteria hao humaliza uchafu wote. Tangu siku hiyo nimepigiwa simu na wateja wangu watano, wawili wa Moshi na watatu wa hapa Arusha, wote wakiuliza swali lile lile: kama chupa inamaliza uchafu, kwa nini tuendelee kubeba ndoo?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hadi nilipostaafu, na kwa miaka 11 sasa ninatunza matangi ya maji ya chumvi, moja langu la lita 300 lililoko sebuleni na mengine ya wateja. Bakteria wa chupani ninawatumia mimi mwenyewe, na sina nia ya kumkataza mtu yeyote kuwanunua. Ninachopinga ni lile neno kwamba wanamaliza uchafu. Bakteria wanaugeuza uchafu kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinabaki ndani ya tangi mpaka mtu akitoe kwa mkono wake au kipate njia yake ya kutoka.

Mfano upo majumbani mwetu. Anayefuga ng'ombe wa ndani, awe Machame au Tengeru, hurundika samadi pamoja na masalia ya majani na migomba, na baada ya miezi kadhaa rundo hupungua, harufu hukoma, na kinachobaki ni mboji nyeusi inayomumunyuka mkononi. Bakteria na kuvu wamefanya kazi kubwa hapo, lakini hakuna mkulima anayesema kwamba samadi imetoweka. Sehemu kubwa ya rutuba yake imo ndani ya mboji, na ndiyo maana anaibeba kuipeleka shambani. Tangi la matumbawe halina shamba la kupelekewa rutuba hiyo. Ikibaki majini inalisha mwani, mwani unaotambaa juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga hadi yanakufa taratibu, huku mwenye tangi akiongeza chupa nyingine kwa kudhani kwamba ile ya kwanza haikutosha.

Ndani ya tangi kazi hufanywa na makundi mawili makubwa ambayo watu wengi huyachanganya, na wauzaji nao hawasaidii kuyatenganisha. Kundi la kwanza ni la bakteria wanaokula mabaki yenyewe: chakula kilichozama, kinyesi cha samaki, ute unaotolewa na matumbawe, konokono aliyefia nyuma ya jiwe. Hawa hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vimeng'enya hivyo hukata protini, mafuta na wanga kuwa vipande vidogo, kisha bakteria hunyonya vipande hivyo. Maarufu miongoni mwao ni wa jenasi ya Bacillus, hasa Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, ambao wana kipaji cha kujifunga ndani ya spora ngumu wakati mazingira yanapokuwa mabaya, wakalala humo muda mrefu bila chakula, kisha wakaamka wakipata maji na lishe. Wakiwa katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa hivi. Kazi yao inapokamilika, nitrojeni iliyokuwa ndani ya protini hutoka kama amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Tena katika maji ya bahari, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ni karibu 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7, kwa hiyo kiasi ambacho perege wa bwawani angekivumilia humuua samaki wa matumbawe.

Hapo ndipo kundi la pili linapohitajika. Wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kwamba kazi hizi ni za viumbe wawili tofauti tumelijua tangu mwaka 1890 na ule uliofuata, wakati Sergei Winogradsky alipowatenga viumbe hao akiwa Zürich, Uswisi. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba anayeshughulikia nitriti kwenye matangi ni Nitrobacter, na mimi nilifundishwa hivyo, mpaka mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha kwamba katika matangi ya maji yasiyo na chumvi waliyoyachunguza kazi hiyo ilifanywa na Nitrospira. Mwaka 2005 ikatolewa taarifa ya kiumbe kingine, Nitrosopumilus maritimus, ambacho hata si bakteria bali ni cha kundi la akea, yaani viumbe wadogo wa seli moja wanaofanana na bakteria lakini wa ukoo wao wenyewe, kilichotengwa kutoka tangi la maji ya bahari katika akwariamu ya umma ya Seattle, Marekani. Kinaigeuza amonia kama wale wengine, na kilikuwa kikiishi mle bila mtu kukijua. Ninayataja haya kwa sababu yanatufundisha unyenyekevu mbele ya tangi: wafanyakazi waliomo ni wengi kuliko wale walioandikwa kwenye chupa, na wengi wao waliingia wenyewe juu ya mawe, mchanga na ngozi za viumbe tuliowaleta.

Kundi hili la pili halitengenezi spora, nalo huongezeka polepole sana. Mmoja huchukua nusu siku, siku nzima au zaidi kuwa wawili. Ndiyo sababu tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuwekewa samaki, na ndiyo sababu chupa nzuri ya bakteria wa aina hii, iliyofika ikiwa hai, ina thamani ya kweli kwa anayeanza.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyowanyamazisha wateja wangu wawili kati ya wale watano. Chukua tangi la lita 300 linalolishwa gramu 10 za chakula kikavu kwa wiki, chakula chenye protini asilimia 45. Hapo kuna gramu 4.5 za protini, na kwa kuwa karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, umeingiza gramu 0.72 za nitrojeni. Tuseme theluthi moja imebaki mwilini mwa samaki wanaokua. Zinabaki karibu gramu 0.48. Bakteria wakifanya kazi yao kwa ukamilifu, nitrojeni hiyo inakuwa gramu 2.1 za nitrati, yaani miligramu 7 katika kila lita ya tangi lote, kwa wiki moja tu. Baada ya wiki kumi ni 70. Maji yanayozunguka miamba ya matumbawe baharini kwa kawaida hayafikishi hata miligramu moja kwa lita. Jambo ninaloomba wasomaji walitazame vizuri katika hesabu hii ni kwamba nitrati hiyo imepatikana kwa sababu bakteria wamefanya kazi nzuri, wala hawakushindwa. Chupa ikiwa bora zaidi, nitrati itafika mapema zaidi.

Kuna njia za kutoka, na haki inanitaka niziseme. Ndani kabisa ya mawe yenye vitundu, na chini ya mchanga mnene, mahali ambapo oksijeni haifiki, wapo bakteria wanaoing'oa oksijeni kutoka kwenye nitrati yenyewe na kuiachia nitrojeni ikatoka kama gesi, ile ile iliyojaa katika hewa tunayovuta. Hii ndiyo njia pekee ambayo mtu anaweza kusema bila kudanganya kwamba uchafu umeondoka bila kubebwa. Lakini njia hiyo ni ya polepole, inategemea wingi na ubora wa mawe, na haiigusi fosfati, ile rutuba nyingine inayotoka kwenye mabaki na kulisha mwani, kwa sababu fosfati haina umbo la gesi la kutorokea. Njia ya pili ni kuwapa bakteria kaboni ya ziada, kwa mfano siki nyeupe kwa matone yaliyopimwa, ili wazaliane na kuifyonza nitrati na fosfati katika kujenga miili yao, kisha mashine ya kutoa povu, ambayo sisi mafundi huiita skima, iwatoe bakteria hao pamoja na povu. Ninaipenda njia hii na ninaitumia. Angalieni, hata hivyo, kwamba humo pia uchafu umebebwa: upo ndani ya kikombe cha skima, maji ya kahawia yenye harufu ya kuchefua, ambayo ni lazima mtu ayamwage. Aliye na bakteria bila skima, bila mwani wa kuvuna na bila ndoo ya kubadilisha maji, amefuga ng'ombe ndani ya banda lisilo na mlango wa kutolea samadi.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni hewa. Bakteria hawa wote, isipokuwa wale wa ndani ya mawe, huvuta oksijeni ile ile wanayovuta samaki. Kuigeuza gramu moja ya nitrojeni ya amonia kuwa nitrati kunahitaji takriban gramu 4.6 za oksijeni. Kwa mfano wetu wa gramu 0.48, hizo ni gramu 2.2 kila wiki, na hapo hatujahesabu oksijeni inayotumiwa na kundi la kwanza linalokula mabaki, ambalo hula zaidi. Je, tangi lina oksijeni kiasi gani? Kando ya bahari, maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba karibu miligramu 6.7 kwa lita. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo maji yale yale, kwa joto lile lile, hubeba karibu miligramu 5.7 tu. Katika lita 300 hiyo ni gramu 1.7 kwa jumla. Akiba yote ya oksijeni iliyomo tangini kwa wakati mmoja haitoshi hata kugeuza amonia ya wiki moja, na kinachotuokoa ni kwamba pampu inaingiza hewa mpya usiku na mchana. Moshi iko chini kuliko sisi na hali yake ni nafuu kidogo, lakini nayo haiko sawa na pwani. Maelekezo yaliyo nyuma ya chupa yameandikwa na watu wa nchi nyingine, na kwa chupa zote nilizowahi kusoma, hakuna iliyomkumbuka mtu anayeishi chini ya Mlima Meru.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Miaka sita iliyopita, mwezi wa Aprili, nilikuwa nikitunza tangi la mteja mmoja hapa mjini ambalo mchanga wake ulikuwa umejaa matope ya mabaki. Nilimimina bakteria wa Bacillus mara mbili ya kipimo, nikaongeza na sukari kidogo ili waamke haraka. Jioni maji yakaanza kuwa meupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo, hali ambayo ni dalili ya bakteria kufumuka kwa wingi, nami nikaichukua kuwa dalili ya mafanikio nikaenda nyumbani. Usiku mvua ilinyesha sana, umeme ukakatika kwa saa nne, na pampu zikasimama. Alfajiri mlinzi alinipigia simu akisema samaki wamepanda juu wanahema. Nilipofika, kangaja mkubwa aliyekuwa ameishi mle kwa miaka mitatu alikuwa amekwisha kufa, pamoja na samaki wengine watatu, na waliobaki walikuwa wameinua midomo kwenye uso wa maji. Hakuna ugonjwa uliowaua wala hakuna sumu iliyoingia. Bakteria niliowaleta kwa mikono yangu walikuwa wamekula hewa yote. Tangu hapo sijawahi kumimina chupa jioni. Ninaanza asubuhi kwa nusu ya kipimo, nikiwa na pampu ya hewa ya betri pembeni, na ninakaa kuangalia jinsi samaki wanavyopumua.

Mwandishi wa makala yenu hakutaja hata neno moja kuhusu umeme kukatika. Ninasikitika, kwa sababu katika miji yetu hilo ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi wa bakteria anapaswa kuulizwa.

Kuna jambo la pili ambalo ni la kwetu hasa, nalo ni safari ya chupa. Sehemu kubwa ya chupa zinazofika hapa hushushwa Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye buti la basi, zikasafiri zaidi ya kilomita 600 katika joto, kisha zikakaa juani stendi mpaka mwenye mzigo afike. Spora za Bacillus huvumilia safari hiyo bila taabu. Bakteria wa amonia na nitriti, ambao hawana spora, wanaweza kufika wakiwa wamekufa wote, na maji ndani ya chupa yakaonekana kama kawaida. Kwa hiyo mtu ananunua chupa ya kuanzishia tangi, anamimina, anaweka samaki siku ya pili kwa kuamini maandishi, na siku ya tano anawatoa wakiwa wafu. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mara zote lawama humwangukia mnunuzi, eti hakufuata maelekezo.

Anayetaka kujua kama chupa yake ina uhai anaweza kupima nyumbani, na vifaa vyake si ghali. Achukue ndoo mbili safi zenye maji ya chumvi yaliyochanganywa upya, kila moja iwe na pampu ndogo ya hewa na joto la nyuzi 25 au 26, atie amonia kidogo katika zote mbili mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha amimine bakteria katika ndoo moja tu. Apime amonia na nitriti kila siku kwa muda wa wiki mbili na kuandika. Ikiwa amonia inashuka na nitriti inapanda katika ndoo yenye bakteria huku ndoo nyingine ikiwa haijabadilika, chupa ina uhai. Ndoo ya pili isiachwe kwa sababu ya uvivu; bila hiyo huwezi kujua kama mabadiliko yametokana na chupa au na jambo lingine. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kulifanya jaribio hili wakalielewa vizuri, na ningefurahi kuona klabu za sayansi za shule zetu zikilichukua.

Nigusie kwa ufupi baridi na maji. Usiku wa Juni na Julai hapa Arusha hupoa mno kwa viumbe hawa, na chumba kisicho na joto huwafanya bakteria wa amonia kuzubaa hata kama wako hai, kwa hiyo kipasha joto cha tangi ni cha lazima wakati huo. Maji ya bomba yenye klorini huwaua, kwani klorini imewekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuua bakteria. Na maji ya visima na chemchemi nyingi za Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, wakati maji ya bahari yenyewe yana takriban 1.3. Ukichanganyia chumvi ya bahari, ambayo ina floridi yake, katika maji kama hayo, unapita kiwango cha bahari kabla hata ya kuweka samaki. Ninashauri maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, yale ambayo viwanda vya maji ya kunywa huyatumia, na siyo ya bomba.

Kuna kosa jingine ambalo linanitia hofu zaidi ya fedha zinazopotea. Samaki akionekana na kidonda, baadhi ya wenye matangi hukimbilia duka la dawa, wakanunua viuavijasumu vya binadamu na kuvitia majini. Dawa hizo hazichagui. Zinaweza kuwaua pia bakteria waliochukua wiki sita kukua, amonia ikapanda, na samaki akafa kwa amonia wakati kidonda chake kinapona. Maji hayo kisha humwagwa mtaroni yakiwa na dawa, nasi sote tunajua tatizo la usugu wa vimelea lilipofikia. Namwomba kila mwenye tangi asifanye hivyo. Vilevile avae glavu akiwa na jeraha mkononi, kwa kuwa matangi huweza kuwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ambaye husababisha vidonda vya ngozi visivyopona upesi.

Nimeulizwa pia kama si afadhali kupata bakteria wa asili kwa kuleta mawe kutoka miamba ya Tanga au Mafia. Jibu langu ni hapana, na ninalisema kwa uchungu. Miamba yetu ilipauka vibaya mwaka 1998 kwa joto la bahari, imevunjwa kwa baruti na kuchomwa chokaa kwa miaka mingi, na matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES. Uzuri wa bakteria ni kwamba hawahitaji kung'olewa mahali; jiwe kavu lenye vitundu au vipande vya kauri, ukiviweka pamoja na kiganja kimoja cha mchanga kutoka tangi la jirani lenye afya, vitakuwa na wakazi wake ndani ya miezi michache. Mimi hugawa mchanga huo bure kwa yeyote anayeanza.

Wapo watakaosema kwamba matangi ya matumbawe ni starehe ya wachache na gazeti lina mambo mazito zaidi. Nakubali kwamba ni ya wachache, lakini maarifa yake hayaishii hapo. Vijana wanaofuga perege kwenye matangi ya turubai, wakitumia mfumo wa bioflok ambao Yoram Avnimelech wa Israeli aliuandikia sana katika miaka ya 1990, wanawategemea bakteria hawa hawa: wanatia molasi, ambayo sisi wa ukanda huu tunaipata kutokana na miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC pale chini ya Moshi, bakteria wanaikamata amonia na kuwa vibonge ambavyo samaki hula. Huko nako pampu ya hewa ikisimama kwa muda mfupi, samaki wote wanaweza kupotea, na hapo anayepoteza ni mtu aliyekopa mtaji. Mwandishi anapouambia umma kwamba bakteria ni kitu cha kumimina na kusahau, mfugaji huyo naye anasoma.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa waagizaji na wauzaji wa bidhaa hizi: chupa ibandikwe karatasi ya Kiswahili inayotaja ni bakteria wa aina gani waliomo, kama wana spora au hawana, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na joto la kuhifadhia, na zile zisizo na spora zisafirishwe kwenye kasha la barafu, kama tunavyofanya kwa chanjo za kuku. Si gharama kubwa, na mimi niko tayari kulipa tofauti hiyo.

La pili ni kwako, Mhariri. Naomba mwandishi wenu arudi kwenye nyumba ile ya wageni baada ya miezi sita, akiwa na kipimo cha nitrati, cha fosfati na cha oksijeni, apime maji mbele ya mwenye tangi, na mchapishe namba zitakazopatikana, ziwe zinaniunga mkono au zinanipinga. Akihitaji vipimo, ninavyo, na nitakuja navyo mwenyewe bila malipo.

Wako katika utunzaji wa matangi,
Fundi sanifu wa maabara mstaafu,
Njiro, Arusha.